UZI: Kabla hujang'oa halojeni na kuweka LED kwenye taa za mbele, tuelewane kwanza (madereva wa Uganda)

FundiWaya_Ndeeba

Wakuu salaam. Naandika kwa kirefu kwa sababu swali hili naulizwa gereji hapa Ndeeba karibu kila siku, na majibu yanayozunguka kwenye magrupu ya madereva ni nusunusu. Mtu anatoka soko la spea la Kisekka na boksi la balbu za LED mkononi, limeandikwa wati 200 na lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 20,000, ananiambia: fundi, nitolee hizi halojeni za njano, zile za kawaida zenye uzi ndani, unifungie hizi, usiku sioni. Na kweli haoni, sibishani naye. Jua letu linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo wengi wanarudi nyumbani gizani, na ukishatoka Kampala upande wowote taa za barabarani zinaisha mapema.

Ninachotaka mtu aelewe kabla sijafungua boneti ni hiki: balbu peke yake haimuliki barabara. Inayomulika ni taa nzima, yaani kioo cha mbele, rifleta ya nyuma (bakuli linalong'aa la kurudisha mwanga mbele), na balbu iliyokaa mahali pamoja tu katikati yao. Ukibadilisha umbo la kile kinachowaka pale katikati, umebadilisha mahali mwanga unapoangukia, hata kama mwanga wenyewe umeongezeka maradufu.

Chukueni balbu ya aina ya H4, maana ndiyo iko kwenye Hiace nyingi za taksi, Probox, Vitz na Hilux. Usiitupe iliyoungua, ishike mkononi uitazame. Ndani utaona nyuzi mbili nyembamba za chuma, ndizo zinazowaka. Uzi wa dimu, yaani mwanga wa chini wa kupishana, uko mbele, na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho kinazuia mwanga usifike nusu ya chini ya rifleta, unapiga nusu ya juu tu, nayo inaurudisha chini kwenye lami. Uzi wa fulu, yaani mwanga wa mbali, hauna kikombe, unatumia rifleta yote. Tazama tena kikombe chenyewe: kingo zake mbili haziko sawa, mmoja umeinama kuliko mwenzake. Huo mwinamo mdogo ndio unaofanya mwanga wa dimu uinuke kidogo kushoto mwa barabara na ubaki chini upande wa kulia anakotoka mwenzako. Uzi wenyewe una urefu wa milimita 5 hivi. Rifleta nzima imekokotolewa kuzunguka milimita hizo.

Sasa LED. Haina uzi. Ina vipande bapa vilivyobandikwa pande mbili za ubao wa chuma, na mwanga unatoka kushoto na kulia, sio kuzunguka pande zote. Ubao ukiwa mnene, vile vipande viko mbalimbali, rifleta inaona vitu viwili mahali ilipotegemea kuona kimoja. Vikikaa milimita 2 mbele au nyuma ya pale ulipokuwa uzi, mwanga unapotea njia. Sehemu moja unapata mng'ao, pembeni unapata giza, na kiasi kingine kinapanda juu ya mpaka na kuingia machoni mwa bodaboda anayekuja.

Kipimo kipo na hakina gharama. Paki gari mahali tambarare mbele ya ukuta, mita 5 kutoka kwenye taa. Pima kutoka ardhini hadi katikati ya taa, weka alama ya chaki ukutani kwa kimo hicho hicho. Washa dimu. Taa iliyokaa sawa inakuchorea mpaka: chini mwanga, juu giza, na mpaka uko kama sentimita 5 chini ya chaki, yaani asilimia 1 ya umbali. Upande wa kulia mpaka umelala, wa kushoto unapanda. Piga picha kwa simu ukiwa na halojeni. Kisha weka LED, usiguse skrubu yoyote, piga picha nyingine pale pale. Ukiona mpaka bado umekatika vizuri, hiyo LED inafaa kwa taa yako. Ukiona ukuta wote umejaa weupe hadi juu, irudishe dukani hata kama mbele ya gari kunang'aa namna gani.

Maneno ya boksi msiyasome. Pima mwenyewe: ampea zinazoingia kwenye balbu, zidisha kwa volti, utapata wati. Zile za "wati 200" nyingi nikizipima zinakula kati ya 20 na 30. Na haiwezekani iwe vinginevyo, kwa sababu wati 200 za kweli ndani ya kitu kidogo namna ile zingeiunguza kabla hujafika Kibuye hapa jirani. Wati 20 za LED nzuri ni kama lumeni 2,000, na hizo zinatosha kabisa. H4 ya kawaida ya wati 60/55 (fulu/dimu) inatoa lumeni 1,000 hivi kwenye dimu, balbu ya H7, yenye uzi mmoja, inatoa 1,500 hivi.

Kabla hujanunua chochote, shughulikia mambo mawili. La kwanza ni kioo cha taa. Kwenye magari mengi ya sasa sio kioo, ni plastiki, na jua letu la ikweta linaigeuza njano kisha ukungu. Tangu 2018 sheria inazuia kuingiza magari ya miaka 15 na zaidi, lakini hata la miaka 10 likifika hapa taa zake zimeshaanza kufifia. Sugua kwa msasa wenye maji, anza namba 800, kisha 1500, kisha 2000, malizia na dawa ya kung'arisha, halafu upake vanishi inayozuia miale ya jua. Bila vanishi ukungu unarudi upesi. Dawa ya meno inang'arisha kwa muda mfupi tu.

La pili ni umeme. Injini ikiwaka, betri inasoma volti 14 hivi. Chomoa kifuniko nyuma ya taa, pima kwenye soketi ya balbu taa ikiwa imewashwa. Nimekuta magari yanasoma 12 na ushei pale, nyingine zimepotelea kwenye waya kuukuu, swichi iliyochoka na ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) yenye kutu. Halojeni haisamehe upungufu huo: volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 30. Dawa yake ni rilei mbili (swichi za umeme zinazoipa taa umeme wa betri moja kwa moja), waya mnene kutoka betri, fyuzi karibu na betri, ethi mpya. Baada ya hapo wateja wengi wanaliacha boksi la LED kwenye kiti.

Kwa gari lenye projekta, ile taa yenye jicho la duara ndani, habari ni tofauti kidogo. Kule mpaka unakatwa na kipande cha chuma ndani ya taa yenyewe, kwa hiyo LED haipandi juu ovyo. Hata hivyo inaweza kumwaga mwanga mwingi karibu na bampa na kukunyima wa mbali.

Ulizeni.

---

Kijana_Arua

Asante fundi, hili la kikombe sikuwahi kuambiwa. Nina Vitz, natoka Arua kwenda Pakwach mara kwa mara na giza linanikuta njiani. Dukani wameniambia nichukue ya 6500K kwa sababu ndiyo yenye nguvu kuliko ya 4300K. Ni kweli?

---

FundiWaya_Ndeeba

Kijana_Arua, hapana. Kelvini ni rangi ya mwanga, haihusiani na nguvu. Halojeni iko kama 3200, njano ya joto. 6500 ni nyeupe inayoelekea buluu. Ukipewa balbu mbili zenye lumeni sawa, ile ya buluu itakufanya uhisi ina nguvu, na anayekuja mbele yako ndiye atakayeumia zaidi. Kwenye lami iliyolowa mvua utaona inapotea mbele yako. Ukitaka LED, tafuta ya 4300 au 5000. Kwa anayepita Kabale asubuhi yenye ukungu, njano ndiyo yenye raha machoni, na taa za ukungu za chini zina kazi kuliko za juu.

---

Trela_Malaba

Mimi naendesha trela, Mombasa hadi Kampala, mara nyingine hadi Juba kupitia Gulu. Nawaambia ninachokiona kutoka kitini. Njia ya Luwero kuelekea Karuma usiku, lori likiharibika wanakata matawi wanayatandaza kwenye lami, ndiyo alama yetu ya hatari. Matawi hayo hayaakisi mwanga. Unayaona kwa sababu taa yako inafika mbali upande wa kushoto, basi. Sasa anakuja mtu wa taksi na LED zimeelekea mawinguni, sekunde zile mnapopishana huoni matawi, huoni baiskeli yenye mkaa, huoni chochote. Mimi nimekaa juu na bado zinanipata. Aliye kwenye gari dogo anapata nini? Na bodaboda mwenye kofia isiyo na kioo?

Swali langu: trela ni volti 24. Nikiona LED imeandikwa 9 hadi 32, naweza kuiweka?

---

FundiWaya_Ndeeba

Mzee, umesema kitu kikubwa. Ule mwanga wa kushoto ndio unaookoa watu kwenye barabara zetu, na ndio wa kwanza kupotea LED isipokaa sawa. Dereva anaona weupe mwingi mita 15 mbele ya bampa anafurahi. Weupe ule unafanya mboni ya jicho ijibane, na kule mbali kunakuwa giza kuliko zamani. Kwa mwendo wa 80 unasafiri mita 22 kila sekunde. Mita 15 za weupe zinaisha kabla hujainua mguu.

Kuhusu 24: ikiwa kweli ndani imetengenezwa kwa 9 hadi 32 itawaka, lakini nyingi zinaunguzwa na joto kwenye 24. Halojeni ya 24 yako ni wati 75/70, taa za trela ni kubwa na rifleta yake ni nzuri. Mimi ningebaki nayo, nikasafisha soketi na kuweka rilei.

---

MuuzaSpea_Kisekka

Fundi nakuheshimu, lakini umewaonea wauzaji. LED haziko daraja moja. Zipo ambazo ubao wake ni mwembamba sana na vipande vimepangwa pale pale ulipo uzi wa halojeni, kikombe kipo, na kola (pete inayoshika balbu kwenye taa) ya kuzungusha balbu ipo ili vipande vitazame kushoto na kulia sawasawa. Mteja anakataa bei yake, anachukua ya bei nafuu, kisha lawama zinakuja kwetu. Ujerumani ni nchi kali kwa mambo haya, na mwaka 2020 Osram walipata kibali cha kuuza balbu ya LED ya kuweka badala ya H7 na ikatumika barabarani kihalali. Kwa hiyo teknolojia ipo.

Na jambo lingine. Unasifia halojeni kana kwamba zote ni nzuri. Soko lina halojeni bandia tele, uzi umekaa kombo, nyingine kikombe kimelegea. Hizo nazo zinapiga watu machoni.

---

FundiWaya_Ndeeba

Ndugu yangu wa Kisekka, la halojeni bandia naliunga mkono lote. Nimefungua H4 ambayo uzi ulionekana kwa macho tu kwamba umeinama. Mteja akiwa amesimama kwenye kaunta yako, mwonyeshe balbu, mzungushie mbele ya macho, uzi unyooke na kikombe kikae imara.

Kibali cha Ujerumani kimalizie basi. Walikitoa kwa orodha ya magari, modeli kwa modeli, taa kwa taa. Gari lisilo kwenye orodha, balbu ile ile ni marufuku barabarani. Maana yake hata walioitengeneza walijua kwamba balbu nzuri ndani ya taa isiyofaa ni taa mbovu. Na ndiyo maana wenye viwanda walipotaka LED waliunda taa nzima upya: Lexus LS 600h ya 2007 ilikuja na dimu za LED kiwandani, Audi R8 ikafuata na taa zote za mbele za LED. Hawakuchukua rifleta ya zamani wakachomeka.

Sisi hapa hatuna orodha ya namna hiyo. Tuna ukuta na chaki. Ukimuuzia mtu, mwambie arudi siku hiyo hiyo kama ukuta umekataa, na umpokee. Muuzaji atakayefanya hivyo mimi nitampelekea wateja.

---

MuuzaSpea_Kisekka

Hilo la kurudisha nalikubali, mradi isiwe imelowa wala kukatwa waya.

---

NesiWaKyenjojo

Habari zenu. Nafanya kazi kwenye huduma za macho na naendesha mwenyewe usiku kati ya Fort Portal na Kyenjojo. Naomba niongeze upande wa anayepigwa na mwanga.

Mtu mzima akifika umri fulani, lenzi ya jicho inaanza kuwa na ukungu hata kabla ya kuitwa mtoto wa jicho. Mwanga mkali ukiingia unatawanyika ndani ya jicho lenyewe, anaona pazia jeupe badala ya barabara. Kisha ukishapita, jicho la kijana linarudi haraka kuona gizani, la mzee linachelewa. Wazee wengi wanaokuja kwetu hawasemi "sioni vizuri", wanasema "siku hizi magari yana taa mbaya". Yote mawili ni kweli, macho yamechoka na taa nazo zimebadilika.

Sasa fikirieni barabara yetu. Anayekutana nawe usiku siyo dereva peke yake. Ni mama anatembea ukingoni na mtoto mgongoni, ni mzee kwenye baiskeli na ndizi. Hawa hawana kioo wala kivuli cha kuteremsha. Akipofushwa, anayumba kuelekea kwenye lami. Nimewahi kumhudumia mtu aliyeingia mtaroni na baiskeli kwa sababu hiyo hiyo, akasema gari halikumgusa kabisa.

Fundi, gari langu ni Noah. Nikipakia watu na mizigo nyuma, watu wananipigia fulu hata nikiwa kwenye dimu. Nimebadilisha balbu ni halojeni nzuri. Tatizo ni nini?

---

FundiWaya_Ndeeba

Nnyabo (mama), asante sana kwa maelezo haya, ninayaweka kwenye simu yangu niwasomee wateja.

Tatizo lako ni mzigo. Nyuma ikishuka, pua inapanda, na taa zinapanda nayo. Tazama karibu na usukani upande wa kulia, kuna gurudumu dogo lenye namba kuanzia 0, wengi hawajawahi kuligusa. 0 ni ukiwa peke yako. Ukijaza watu na mizigo zungusha kuelekea namba za juu, taa zitashuka. Ukilizungusha na taa hazisogei, mota yake imekufa au plagi imechomolewa, ije nikuangalizie. Hii inamhusu kila anayetoka Masaka na Mbarara na matoke kwenye buti. Angalia pia spring za nyuma, zikiwa zimelala hakuna namba itakayotosha.

---

MwanaBombo

Mimi niko Bombo, nina Hilux ya zamani. Niliwekewa LED za H4. Taa zinawaka, lakini ile taa ya buluu ya fulu kwenye dashibodi inabaki inawaka hafifu hata nikiwa kwenye dimu. Na redio ya FM imeanza kukwaruza nikiwasha taa. Gari lina ugonjwa?

---

FundiWaya_Ndeeba

Mwana Bombo, gari ni zima. Toyota nyingi za zamani, Hilux na Land Cruiser hasa, zinafunga waya wa H4 kinyume na unavyotarajia: chanya inafika kwenye balbu moja kwa moja, swichi inakata upande wa hasi. Ile taa ya buluu imeungwa kupitia uzi wa balbu. Uzi wa halojeni unapitisha umeme kwa ulaini, LED ina vifaa vya kielektroniki ndani vinavyovujisha umeme kidogo, ndio unaoiwasha buluu. Kuna adapta ya kugeuza hali hiyo, au rilei zikifungwa vizuri zinaimaliza.

Redio ni kile kiboksi kidogo cha LED kinachokata umeme mara nyingi kwa sekunde. Za bei nafuu hazina kichujio, zinarusha kelele kwenye masafa ya redio. Kama inakwaruza redio, ni dalili kwamba hata ndani hawakuhangaika na mengine. Umefanya kipimo cha ukuta?

---

MwanaBombo

Nimefanya jana jioni kwenye ukuta wa ghala. Dimu ina weupe juu ya chaki karibu kimo cha mkono, upande wa kulia ndiko kumezidi. Kushoto kuna giza kama shimo.

---

FundiWaya_Ndeeba

Kabla hujazihukumu, toa balbu utazame zimekaaje. Kwenye H4 zile pembe tatu za kola lazima ziingie kwenye nafasi zake, spring ibane mpaka usikie. Balbu nyingi za LED kola inatoka: weka kola peke yake kwanza, kisha ingiza balbu na uizungushe hadi vipande vitazame kushoto na kulia, kikombe kiwe chini. Ukikuta vilikuwa vinatazama juu na chini, umepata sababu. Rudia ukuta. Ikibaki vile vile, toa, rudisha halojeni. Usishushe skrubu za taa ili kuficha weupe. Ukishusha, ule mwanga unaopanda juu utapungua, lakini na barabara yako itaishia mbele ya bampa.

---

Afande_Mstaafu

Nimefanya kazi ya trafiki miaka mingi na sasa niko nyumbani Tororo. Kwenye kizuizi usiku askari anasimama mbele ya taa zenu, kwa hiyo najua tofauti ya gari lililodimu na lililojifanya limedimu. Dereva anakuambia "afande, iko kwenye dimu", na kweli swichi iko kwenye dimu, lakini mwanga uko usoni kwako. Huyo hajakosa adabu, gari lake ndilo limekosa taa.

Mkikutana na wa namna hiyo, msimjibu kwa fulu. Hapo mtakuwa vipofu wawili kwenye barabara moja. Punguza mwendo mapema, ondoa macho kwake, fuata ukingo wa kushoto wa lami au mstari mweupe ukiwepo, hadi apite. Na wenye kufunga zile fimbo ndefu za LED juu ya bampa, hizo ni za porini. Kwenye barabara kuu ya kwenda Mbale zizimwe.

Fundi, naomba kukuuliza: taa za magari yanayotoka Dubai na Ulaya zinafaa hapa kwetu?

---

FundiWaya_Ndeeba

Afande, heshima yako. Gari lililoundwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia, dimu yake inapanda upande wa kulia. Hapa kwetu huko ndiko anakotoka mwenzako. Hata likiwa na taa nzuri za kiwandani, linampofusha. Baadhi ya projekta zina kijiti kidogo ndani cha kugeuzia upande, nyingine hazina na inabidi taa zibadilishwe. Wanaonunua wapime ukutani siku gari linapofika, kabla ya kulipa kama inawezekana. Magari ya Japani hayana shida hiyo kwa sababu nao wanaendesha kushoto kama sisi.

Na kwa wenye Harrier, Mark X na mengine yaliyokuja na zenoni, taa za gesi zisizo na uzi: msichokoe. Ile inawashwa kwa volti elfu nyingi, inaweza kukuumiza vibaya. Taa ya zenoni ikififia, inataka balbu mpya ya aina ile ile, sio LED.

---

Kijana_Arua

Fundi, nimefuata uliyosema. Plastiki za taa nimesugua kwa msasa, nimepaka vanishi. Soketi ilikuwa inasoma 12.3, fundi wa hapa Arua ameweka rilei na sasa inasoma 13.6. Nimenunua halojeni mpya, nimezitazama uzi kwanza. Barabara naiona hadi kwenye nyasi za kushoto. LED nimeziacha dukani. Ila natamani kujua: kuna siku utaniambia sawa, weka?

---

FundiWaya_Ndeeba

Ipo. Ukinunua gari lenye projekta, ukapata LED yenye ubao mwembamba, ukuta ukakubali, weka na utafurahi. Inakula umeme nusu ya halojeni na haiungui haraka kwa mtikisiko wa mashimo. Lakini ujue inavyokufa. Nyuma yake kuna feni ndogo au sega la chuma la kupoza. Kwenye barabara za vumbi, Karamoja huko au njia yoyote ya murramu (udongo mwekundu), feni inajaa vumbi, balbu inapata joto, inafifia, kisha inazima. Kile kifuniko cha mpira nyuma ya taa kirudishwe, usiendeshe taa ikiwa wazi nyuma, na kama LED ni ndefu mno kifuniko hakifungi, hiyo sio ya gari lako. Pia halojeni ina joto linalokausha unyevu ndani ya taa. LED haipashi kioo cha mbele, kwa hiyo mvua ikiingia kidogo utaona ukungu unakaa.

Halojeni zako za zamani ambazo bado nzima usizitupe. Zifunge kwa kitambaa safi, usishike kioo chake kwa vidole maana mafuta ya ngozi yanakifanya kipasuke kikipata moto, ziweke kwenye kiboksi cha dashibodi pamoja na fyuzi mbili. Siku LED au halojeni mpya itakapokufia kati ya Pakwach na Karuma, utabadilisha mwenyewe kando ya barabara na kuendelea na safari.

---

Trela_Malaba

Na tochi. Weka na tochi pale pale.

---

NesiWaKyenjojo

Gurudumu la Noah nimelipata, lilikuwa kwenye 0 tangu ninunue. Nimeliweka 2 na watu saba ndani, jana kutoka Fort Portal hakuna aliyenipigia fulu.